Chumvi ukutani, weusi nyuma ya kabati, ukoko bafuni: anza na maji

Swali

Nyumba yetu ipo Kigamboni, si mbali na bahari. Ni ya matofali ya saruji, imeezekwa bati, ina miaka tisa. Kuta za sebuleni na za chumba cha watoto zinatoa unga mweupe kutoka chini hadi usawa wa goti, na rangi inabanduka vipande vipande. Mwaka jana fundi alikwangua, akapiga skimu ya jipsamu, akamalizia na rangi ya mafuta ili izuie unyevu. Miezi mitatu haikuisha, mambo yakarudi palepale, na sasa yamepanda juu zaidi. Nyuma ya kabati la watoto kuna weusi unaonuka. Bafuni, maji ya kisima yameacha ukoko wa rangi ya chai kwenye vigae na kwenye koki. Binti anayetusaidia husugua na jiki kila Jumamosi, lakini kinachoisha ni grauti ya kati ya vigae, ukoko haung'oki. Nianzie wapi, na nimwambie nini fundi?

Jibu

Dada, mambo yote matatu uliyoandika mzizi wake ni maji, lakini kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja huharibu jingine. Unga mweupe ni chumvi: hupigwa brashi ukuta ukiwa mkavu, na ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Weusi ni ukungu: huo haupigwi brashi ukiwa mkavu hata siku moja, maana utaujaza chumba kizima vumbi lake. Ukoko wa bafuni ni madini: jiki haina la kuufanya, unahitaji asidi nyepesi. Ukizijua tofauti hizo, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Tuanze na ukuta, kwa kuwa ndio wenye kula fedha.

Maji yakiingia kwenye tofali huyeyusha chumvi iliyomo, iwe imetoka kwenye mchanga wa kujengea, kwenye saruji, kwenye udongo au kwenye upepo wa bahari. Huivuta hadi usoni mwa ukuta, yenyewe yakapaa hewani, chumvi ikabaki. Inapoganda nyuma ya rangi, punje zake hukua na kuisukuma rangi itoke nje. Banua kipande kimoja cha rangi iliyovimba ukitazame upande wa nyuma kwenye mwanga wa dirisha: utaona manyoya meupe membamba yamesimama kama pamba. Hayo ndiyo yaliyoibandua, wala si ubovu wa rangi.

Kwa hiyo rangi ya mafuta haikuzuia unyevu, iliufungia ndani. Maji yaliyokuwa yakipumulia usawa wa goti yalikosa pa kutokea, yakapanda kutafuta mahali palipo wazi. Ndiyo maana alama yako imesogea juu. Hali itakuwa hiyohiyo ukibandika vigae sehemu ya chini ya ukuta ili kuficha, jambo ambalo mafundi wengi wa pwani hulipendekeza: miezi michache baadaye unga unatokea juu ya mstari wa mwisho wa vigae. Nayo skimu ya jipsamu haifai kabisa kwenye ukuta wenye maji, kwa sababu jipsamu yenyewe huyeyuka kidogokidogo na hulegea ikikaa mbichi.

Jambo jingine ambalo watu wa bara huenda wasilijue: chumvi ya kawaida, ile ya bahari, huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Pwani, alfajiri nyingi hewa inapita hapo. Ukuta uliojaa chumvi basi hulowa usiku na kukauka mchana hata pasipo tone kutoka ardhini, na kila mzunguko chumvi huyeyuka, huganda, na kubomoa kidogo. Kwa sababu hiyo kuziba maji peke yake hakutoshi. Plasta iliyokwisha kulewa chumvi lazima iondoke.

Kabla ya kumlipa mtu, pima

Chukua penseli. Fuata ukingo wa juu wa unyevu, mahali ukuta mbichi unapokutana na ukuta mkavu, uchore mstari kwa urefu wa ukuta mzima, uandike tarehe pembeni. Fanya hivyo kwenye kila ukuta wenye tatizo. Mstari huu tutaurudia.

Halafu kata kipande cha nailoni angavu, mraba wa sentimita 45 kila upande. Kibandike ukutani kwa solotepu pana, kingo zote nne zisipitishe hewa, mahali rangi imeshakwanguliwa lakini plasta bado ni ngumu. Kiache saa 48. Umande ukitokea upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukitokea upande unaotazama chumba, ni hewa ya chumba inayotoa jasho. Kwa habari yako natarajia sebule itakupa jibu la kwanza. Nyuma ya kabati huenda yakawa yote mawili.

Kipimo cha tatu ni cha bomba linalovuja chinichini. Kwa kuwa mnatumia kisima, dira ya maji haitakusaidia, pima tanki. Usiku watu wakishalala, zima pampu, fungua mfuniko, tumbukiza ufito safi na mkavu hadi chini, uweke alama pale maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajafungua koki wala kuvuta choo, tumbukiza tena. Kwenye tanki la lita 1,000 lenye upana wa mita moja na kitu, kila sentimita iliyopungua ni kama lita tisa hadi kumi. Likipungua, kwanza angalia kisanduku cha maji cha choo: tia humo rangi ya chakula kidogo, usubiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea bakulini, mpira wa ndani umechoka. Ikiwa choo ni kizima, bomba ndani ya ukuta au chini ya zege la sakafu ndilo la kutafutwa.

Nje, kutoka juu kwenda chini

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40, jambo la kawaida kabisa wakati wa masika, linamwaga lita 4,800. Nyumba isiyo na gata hayo yote huyamwaga miguuni mwake, na matone yanayodunda chini huupiga ukuta kwa tope. Ikiwa mna gata, panda mziangalie: zinatakiwa zishuke milimita 5 kwa kila mita kuelekea bomba la kushushia, zisiwe na majani, na bomba hilo limwage maji si chini ya mita moja na nusu kutoka ukutani. Zisafishwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli.

Mkiwa juu hukohuko, kagueni misumari ya bati. Mpira wa chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka kwa jua, maji yakateremka na mbao hadi juu ya ukuta. Msumari uliolegea usiugonge tena kwenye tundu lilelile. Ung'oe, uweke mnene zaidi wenye mpira mpya, na ukae juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Kutu ikishaonekana, isugueni kwa brashi ya waya hadi bati litoe mng'aro, ifutwe vumbi, ipigwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa sababu bati tupu likilala usiku mmoja kwenye hewa ya bahari linaanza upya. Grili za madirisha ni vivyo hivyo, na kuziosha kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi kutaziongezea miaka.

Madirisha yenu ya alumini ya kuteleza yana matundu madogo upande wa nje wa reli ya chini, ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na vumbi na mchwa wenye mbawa, maji hujaa relini na kumwagikia ndani, na watu huona alama ya unyevu chini ya dirisha wakadhani imetoka ardhini. Yazibue kwa kijiti cha kuchokolea meno, mimina kikombe cha maji relini, uone yakitoka nje.

Sasa usawa wa ardhi, ambako kwa maoni yangu ndiko kesi yenu ilipo. Udongo au pevingi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi hujengwa vizuri, halafu kadiri miaka inavyokwenda kiwanja kinajazwa kifusi, pevingi inawekwa, bustani inapandishwa, mpaka udongo unafunika ile nailoni iliyotandazwa juu ya msingi kuzuia maji. Hata ambako udongo haujapanda, utakuta plasta ya nje imeshuka hadi ardhini: imekuwa utambi, maji yanaivuka nailoni kwa kupitia plasta. Mwambie fundi achimbe ukutani mahali pamoja, upana wa jembe tu, atafute nailoni ilipo. Akiiona, udongo ushushwe chini yake, na plasta ya nje ikatwe kwa grainda sentimita chache juu ya ardhi ili isiguse udongo.

Kuzunguka nyumba mwage mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 hadi 90, uinamie nje kwa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ule mwanya kati ya zege na ukuta uzibwe kwa lami au kizibo kinachonyumbuka. Saruji hapo itapasuka, na ufa huo utakunywesha msingi kila mvua. Maua yanayomwagiliwa yasogee sentimita 60 kutoka ukutani. Na fuata mpira wa kiyoyozi unaishia wapi: kwenye joto la pwani kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kutoa ndoo ya maji kwa usiku, na mara nyingi mno mpira huo huachwa unadondokea palepale chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Fundi akichimba asione nailoni yoyote, kuna dawa ya kuchomwa ndani ya ukuta kupitia matundu yenye nafasi ya sentimita 12 hivi, sentimita 15 juu ya ardhi. Hufanya kazi kwenye tofali nzima, zisizo na uwazi ndani. Kwenye tofali zenye matundu dawa humwagikia ndani ya uwazi na kupotea. Usiikubali kabla hujamaliza hayo ya juu.

Ndani: kuondoa chumvi, kisha plasta

Kwangua rangi ya mafuta na jipsamu yote, hadi sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu. Tandaza nailoni chini, piga unga kwa brashi ya nailoni ngumu ukuta ukiwa mkavu, ukusanye utupe mbali. Usiufagilie nje kwenye kitako cha ukuta, utarudi na mvua ya kwanza. Piga plasta kwa kitako cha bisibisi ukisikiliza: inayolia kama debe tupu imeachana na tofali, na hiyo ing'olewe pamoja na iliyolegea ikawa kama ugali wa jana.

Halafu subiri. Hapa ndipo fundi mwenye haraka atakuharibia fedha. Kanuni ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, yaani ukuta wa inchi sita ni miezi sita. Kwa upepo wa kusi na madirisha wazi muda unaweza kupungua, lakini chini ya miezi mitatu usikubali. Wakati huo tofali zikae wazi, na kila Jumamosi pitisha brashi kavu uondoe unga mpya. Utaona unapungua wiki hadi wiki.

Sehemu inayokataa kuacha kutoa unga ina tiba: loweka karatasi nyeupe za chooni kwenye maji ya mvua, zipondeponde ziwe kama uji mzito, bandika ukutani unene wa sentimita moja hadi mbili, uache zikauke kabisa, siku tano au kumi. Maji huingia, huyeyusha chumvi, kisha karatasi ikikauka huivuta chumvi ije kwake. Ibandue ikiwa imekakamaa, itupe, rudia mara mbili au tatu. Maji ya kisima hayafai kwa kazi hii, wala karatasi yenye rangi.

Plasta mpya ichanganywe saruji ndoo moja, chokaa ndoo moja, mchanga ndoo sita, ipigwe unene wa milimita 12 hadi 15. Mafundi wengi watataka saruji moja kwa mchanga tatu kwa kuamini kwamba ngumu ndiyo bora. Hiyo hupasuka nywelenywele na kuufungia ukuta pumzi. Mchanga uwe wa mtoni, safi. Wa ufukweni usiingie geti lako hata kwa bei ya bure, na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba au ya mvua. Ukiruhusu kisima chenye chumvi, umelipia chumvi mpya iwekwe ukutani. Plasta inyunyiziwe maji hayohayo safi siku tatu hadi saba, kisha ikauke wiki nne kabla ya rangi. Rangi iwe ya maji isiyong'aa, mkono wa kwanza mwepesi, au chokaa ya kupaka. Chokaa ina sifa mbaya ya kuchafua nguo, lakini kwenye ukuta wa chini wa nyumba ya pwani sijui kinachoishinda.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, mambo haya yawaguse mara mbili. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa ili zinywe maji na kuyatoa. Plasta ya saruji juu yake hufungia unyevu ndani, na baada ya miaka hutoka na vipande vya jiwe. Huko ni chokaa juu ya chokaa, bila saruji kabisa.

Ukungu wa chumba cha watoto

Kwanza hakikisha ni ukungu. Weka tone la jiki kwenye weusi. Ukififia ndani ya dakika moja au mbili ni ukungu, ukibaki ulivyo ni uchafu au moshi.

Watoto walale chumba kingine siku hiyo. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, si ya kitambaa, na glavu za mpira. Dirisha wazi, mlango wa ndani umefungwa, feni imezimwa. Nyunyizia weusi maji ya sabuni kwanza ili ulowe, kisha futa kwa tambara ukikunja upande safi kila mara, tambara liishie kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa. Ukuta ukishakuwa safi wa sabuni ndipo jiki inapofika: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, yaani kikombe kimoja kwa vikombe kumi. Paka, uache ukuta ubaki umelowa dakika kumi, futa kwa tambara lenye maji safi, kausha. Mchanganyiko uliobaki umwage, kesho yake hauna nguvu. Kuongeza jiki kwa imani kwamba kali ndiyo inayoua hakuongezi kitu ila harufu na rangi kuchubuka. Kinachofanya kazi ni zile dakika kumi.

Angalizo moja: jiki ikikauka huacha chumvi. Ipake kwenye rangi nzima ya juu, usiimwagie ile plasta ya chini iliyo wazi. Hiyo plasta inang'olewa hata hivyo.

Kabati nalo lina lake. Ubao wa mgongoni ukiwa wa mbao za kusagwa na umevimba, ubadilishe, ukungu umeshaingia ndani. Mbao halisi zifute kwa sabuni, zikauke kivulini penye upepo. Likirudi, likae sentimita 10 kutoka ukutani, na kama ipo nafasi kwingine lisirudi kwenye ukuta wa nje. Madirisha yafunguliwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakati hewa ya pwani ni kavu kuliko nyakati nyingine. Kufungua alfajiri kunaingiza unyevu. Nguo mbichi zisianikwe humo wakati wa masika.

Bafuni

Rangi ya chai ni chuma kilichomo kwenye maji ya kisima, kimeganda pamoja na chokaa ya maji hayohayo. Jiki hukipa chuma kutu zaidi, na kukigandisha. Jaribu: tia jiki kidogo kwenye ndoo ya maji hayo, uone yakigeuka kahawia. Kwa hiyo kila Jumamosi binti amekuwa akikoleza alama ileile, kisha akiiparua kwa nguvu mpaka grauti ikaisha. Hana kosa, alipewa dawa isiyo yake.

Na sasa sikia neno hili kwa uzito wake, umwambie naye kwa upole mpaka aelewe. Jiki haikutani na asidi. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya hidrokloriki, na zikichanganyika na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo kwenye bafu dogo lililofungwa inaweza kuua mtu. Hata siki na ndimu zinatosha kuitoa. Jiki haikutani na amonia pia. Macho yakiwasha na kifua kikibana, toka nje kwenye hewa safi mara moja, usirudi kusuuza kwanza. Siku ya jiki na siku ya asidi ziwe mbili tofauti, na katikati bafu lisuuzwe kwa maji mengi.

Dawa ya ukoko ni ndimu ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, yaani vijiko vitatu vya chakula. Osha kwanza vigae kwa sabuni ya maji na maji ya moto, usuuze, kwa sababu mafuta ya sabuni ya kuogea huufunika ukoko na asidi haipenyi. Kisha lowesha grauti kwa maji matupu ishibe. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa grauti: ikiwa imeshashiba maji, asidi hubaki juu ya kigae badala ya kuingia kwenye saruji. Bandika karatasi za chooni ukutani, zilowe kwa maji ya ndimu, zisikauke, dakika kumi hadi kumi na tano. Sugua kwa brashi ya nailoni, suuza sana. Ukoko wa miaka tisa hautatoka kwa siku moja. Rudia wiki ijayo, usiongeze ukali. Kwenye koki, funga kitambaa kilicholowa, nusu saa tu, maana ukikiacha usiku kucha asidi itakula ule mng'aro. Maji ya betri, ambayo wapo wanaoyauza kwa kazi hii, hayafai kuingia nyumbani mwako. Na kama sakafu ni ya terazo au marumaru ya jiwe halisi, hata ndimu usiiguse hapo, itatafuna jiwe lenyewe.

Vigae vikishakuwa safi, tazama kama ukuta wa bafu ndio huohuo wa chumba cha watoto. Grauti iliyoisha hupitisha maji ya kila anayeoga, na huenda sehemu ya unyevu wa chumba hicho inatoka hapo. Grauti ya zamani ichimbwe kina cha milimita mbili hadi tatu, ijazwe mpya, isiguswe na maji siku tatu. Pembe za ukuta na ukuta, na za ukuta na sakafu, zijazwe silikoni: hapo nyumba hucheza kidogo na grauti hupasuka. Silikoni iliyokwisha kuwa nyeusi haisafishiki, kata yote kwa wembe, futa kwa spiriti, kausha, weka mpya, subiri saa 24. Baada ya hapo kila anayeoga avute maji ukutani kwa mpira wa kukaushia, kazi ya nusu dakika. Ukoko hujengwa na maji yanayoachwa yakauke yenyewe.

Ratiba yenu

Gata, udongo, mkanda wa zege, mpira wa kiyoyozi na grauti ya bafu vifanyike kabla ya mvua. Ukungu na ukoko, wikiendi hii. Kukwangua na kung'oa plasta anzeni Juni, masika yakishaisha, ukuta ukauke na kusi hadi mwishoni mwa Septemba. Kama unga umekoma, plasta ipigwe hapo, na rangi isubiri zile wiki nne. Kama haujakoma, ukuta ukae wazi vuli nzima na plasta iingie Januari. Plasta inayopigwa Aprili ni hasara, hata kama fundi ana nafasi na bei ni nzuri.

Kabla hamjang'oa kitu, hapo mwanzoni mwa Juni, rudi kwenye mistari ya penseli. Unyevu ukiwa umeshuka vidole vinne au zaidi chini ya mstari baada ya masika nzima, kazi ya nje imefanikiwa, mwite fundi wa kung'oa. Ukiwa palepale kwenye ukuta mmoja tu, tazama nini kipo upande wa pili wa ukuta huo, bafu, sinki au chemba, na urudie kipimo cha ufito. Ukiwa palepale kwenye kuta zote, fundi achimbe tena kutafuta nailoni, safari hii kwenye kila upande wa nyumba, na mfuko wa saruji usinunuliwe kwanza.